Vitabu vya Watoto, Sanaa ya Njozi au Kujichapishia: Mchoraji Ashike Njia Ipi?

Zimwi ulilolichora vizuri linaweza kwenda kutafuta riziki mahali patatu: ndani ya kitabu cha watoto kinachotolewa na mchapishaji, kwenye jalada, kadi au gemu ya njozi, au kwenye kitabu unachokigharimia na kukiuza mwenyewe. Mkono ni ule ule. Kazi ya kila siku, mikataba na namna ya kulipwa ndiyo havifanani, na vijana wengi wenye kipawa huingia njia fulani kwa sababu ndiyo waliyoiona kwanza, bila kujua nyingine zinadai nini.

Hapa njia hizo tatu zimepimwa kwa mambo matano: unachokifanya ukikaa mezani kila siku, fedha na hakimiliki, muda, sampuli za kuombea kazi, na mahali ambapo kazi huharibika. Mtindo haumo kwenye orodha hiyo, tena kwa makusudi. Mtindo huvuka mipaka kuliko tunavyodhani. Tony DiTerlizzi wa Marekani alianza mwaka 1992 kwa kuchora majitu na mazimwi ya kampuni ya michezo ya TSR, akahamia vitabu vya watoto, na mwaka 2003 akapata Heshima ya Caldecott, inayotolewa Marekani kwa wachoraji wa vitabu vya picha vya watoto. John Kilaka wa Tanzania alichukua mtindo wa Tingatinga, ambao watu wengi waliuona ni wa kuuzia watalii tu, akautia kwenye vitabu vya picha vilivyotolewa Uswisi na Baobab Books. Basi usijiulize kama mchoro wako ni "wa kitoto" au "wa njozi". Jiulize unaweza kurudia nini bila kuchoka, na nani atabaki na haki baada ya kazi kuisha.

Njia ya kwanza: kitabu cha watoto kupitia mchapishaji

*Kazi yenyewe.* Kitabu cha picha cha soko la kimataifa kwa kawaida kina kurasa 32, kwa sababu karatasi kubwa ya mtambo hukunjwa ikatoa kurasa 16, na mikunjo miwili ni 32. Ukiondoa ukurasa wa jina na ule wa hakimiliki, hadithi hubaki na nafasi ya kurasa mbilimbili zinazotazamana mara 12 hadi 14 hivi. Vitabu vya hadithi vya shule za kwetu mara nyingi ni kurasa 16 au 24, vinabanwa kwa pini katikati, na hesabu yake lazima igawanyike kwa 4. Mwandishi akikuletea hadithi ya kurasa 18, mrudishe mezani kabla hujagusa penseli.

Hatua zina mpangilio wake. Kwanza ramani ya kurasa: karatasi moja yenye visanduku vidogo vya kurasa zote, ili uone hadithi inapopanda na inaposhuka, na kama picha tatu zimefuatana zikiwa za umbali ule ule. Pili karatasi ya mhusika: mbele, ubavuni, mgongoni, amekaa, anakimbia, analia, na urefu wake ukilinganishwa na wenzake. Mtoto wa kwenye kitabu huchorwa urefu wa vichwa vitatu au vinne. Amua hesabu hiyo siku ya kwanza uishike, la sivyo ukurasa wa 20 atakuwa amekua kuliko kaka yake. Tatu, michoro ya penseli ya kurasa zote kwa ukubwa kamili. Nne, mhariri anaipitia. Rangi huja mwisho, baada ya penseli kukubaliwa kwa maandishi.

Ugumu mkubwa wa kazi hii ni kurudia bila kukosea. Chukua bibi aliyevaa kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, mji wa katikati, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini ya mji. Ukimvika bibi kanga yenye korosho ukurasa wa 3, korosho hizo zikunjike na mwili wake ukurasa wa 7 anapoinama kwenye kinu, pindo lizunguke mahali pake ukurasa wa 12 anapojifunika kichwa, na rangi isihame. Jina nalo litasomwa. Ukiandika vikorokoro, mtoto atauliza vinasema nini. Ukiandika kijembe cha mitaani, mwalimu atakirudisha kitabu. Wachoraji wazoefu huchagua mji wenye alama moja kubwa ambayo mkono unaweza kuirudia mara 30, na hulificha jina ndani ya mkunjo isipokuwa kama hadithi inalihitaji. Kanga nzuri yenye maua madogo 200 ni adhabu ya miezi mitatu.

*Fedha na hakimiliki.* Afrika Mashariki kitu cha kawaida ni malipo ya mara moja: kiasi fulani kwa ukurasa au kwa kitabu, basi. Wachapishaji wa Ulaya na Marekani hutoa malipo ya awali pamoja na mrabaha, yaani asilimia ya kila nakala inayouzwa, na mwandishi na mchoraji hugawana asilimia kwa kawaida nusu kwa nusu. Kitabu cha jalada gumu kikiwa na mrabaha wa 10%, mchoraji hupata 5%.

Piga hesabu kabla ya kushangilia. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 8,000, mrabaha wako ni 5% ya bei ya rafu, na malipo ya awali ni shilingi 1,200,000. Kila nakala inakupa shilingi 400, kwa hiyo zinahitajika nakala 3,000 kufidia ile milioni na laki mbili kabla hujaona senti nyingine. Mkataba ukisema 5% ya "mapato halisi ya mchapishaji", na duka linapewa punguzo la 40%, msingi wa hesabu unashuka hadi shilingi 4,800, unapata 240 kwa nakala, na sasa zinatakiwa nakala 5,000. Asilimia ni ile ile kwenye karatasi, lakini fedha si zile zile. Uliza neno hilo moja: asilimia ya nini?

Hakimiliki ndiyo inayoumiza zaidi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa makubaliano yenu yaseme vingine. Ukinyamaza, umeuza. Kwa Tanzania pia usitegemee desturi: andika kwenye mkataba kwamba unampa mchapishaji ruhusa ya kuchapa kitabu hiki, kwa lugha hizi, kwa miaka hii, na kwamba katuni, nguo, kalenda na matangazo ni makubaliano mengine. Kusajili kazi COSOTA au KECOBO, ofisi za hakimiliki za Tanzania na Kenya, ni ushahidi mzuri siku ya mgogoro, ingawa haki yenyewe huzaliwa pale unapochora.

Kuna pia miradi ya vitabu huria kama African Storybook na Book Dash za Afrika Kusini, na StoryWeaver ya India. Huko vitabu hutoka kwa leseni huria inayomruhusu mtu kutafsiri, kuchapa, mara nyingi hata kuuza, mradi akutaje. Ni njia ya kheri na jina lako husambaa kwa lugha nyingi. Ila ujue kwamba mhusika unayemtoa huko hutaweza kumuuza tena kwa mchapishaji anayetaka haki za peke yake. Peleka mhusika uliye tayari kumwachia watu wote.

*Muda.* Kitabu cha kurasa 24 kwa mtu mmoja anayefanya kazi kila siku ni wiki mbili za ramani na wahusika, wiki tatu hivi za penseli, wiki moja au mbili za kusubiri maoni, na wiki sita hadi nane za rangi. Anayechora baada ya kutoka kazini aizidishe mara mbili. Kwa mchapishaji wa nje, kutoka kusaini hadi kitabu kuwa dukani kunaweza kupita miaka miwili.

*Sampuli.* Picha 10 hadi 12 zinatosha. Tatu kati ya hizo ziwe za mhusika mmoja katika mazingira matatu tofauti, maana hicho ndicho mhariri anachokitafuta kwanza. Weka mtoto mwenye hasira, kundi la watu sokoni, mnyama, tukio la usiku, na mbili za wino mtupu. Maonyesho ya Vitabu vya Watoto ya Bologna, Italia, yana maonyesho ya wachoraji tangu mwaka 1967, na huomba picha tano za mfululizo mmoja. Hata picha zako zisipochaguliwa, kutengeneza mfululizo huo ni mazoezi yanayofanana kabisa na kazi utakayopewa.

*Panapoharibika.* Uso wa mhusika kuangukia kwenye mkunjo wa katikati: acha angalau milimita 12 kila upande bila jicho wala mkono. Picha kuishia palepale ukurasa unapoishia: ongeza milimita 3 pande zote za kukatwa. Rangi kufifia: bluu kali, zambarau na kijani kinachong'aa kwenye skrini havipo kwenye wino wa mtambo, kwa hiyo geuza faili kuwa CMYK, mfumo wa rangi nne za wino wa mtambo, mapema uone msiba ukiwa bado unaweza kuutibu. Maneno kuchorwa ndani ya picha: kitabu kikitafsiriwa kutoka Kiswahili kwenda Kifaransa au Kiganda, picha nzima inabidi irudiwe, weka maandishi kwenye tabaka lake na umwachie mwandishi sehemu tulivu ya ukurasa, kama robo hivi.

Vitabu vya shule vina jaribio jingine, nalo ni ithibati. Nchini Kenya hutolewa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala. Nchini Tanzania vitabu vya kiada viko mikononi mwa Taasisi ya Elimu, na wachapishaji binafsi huhangaika zaidi na vya ziada. Wakaguzi hutazama mtoto aliye karibu na moto bila mkubwa, msichana anayefagia kila ukurasa huku mvulana akisoma, sare isiyofanana, kisima kisicho na mfuniko. Marekebisho haya huja baada ya rangi, mchapishaji akiwa na haraka. Mkataba utaje idadi: raundi mbili za marekebisho kwenye penseli, moja kwenye rangi, na zaidi ya hapo inalipiwa.

*Inamfaa* mwenye subira ya kukaa na wahusika wale wale kwa miezi, anayependa kusimulia, na asiyenuna akiambiwa abadilishe sare.

Njia ya pili: majalada, kadi na gemu za njozi

*Kazi yenyewe.* Hapa pana fani mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni picha kamili: jalada la riwaya, kadi ya mchezo, bango. Ya pili ni michoro ya dhana, yaani ile inayowaelekeza mafundi wa gemu na filamu wajenge nini. Mtazamaji wa kawaida huenda asiuone kamwe mchoro wa dhana. Wewe unachora zimwi kwa mbele, ubavuni na mgongoni kwenye mstari mmoja wa vipimo, unatoa vichwa 20 tofauti, unaandika pembeni "ngozi ni kama gome la mbuyu, pembe ni mfupa uliochakaa", na kesho yake unaambiwa chaguo ni nambari 14 ila liwe na mkia. Anayependa kumaliza picha hadi nywele ya mwisho huteseka kwenye dhana. Anayependa kubuni hadi asubuhi huteseka kwenye picha kamili.

Tazama jinsi zimwi lile lile linavyobadilika kutoka kitabu cha watoto hadi kadi. Kwenye kitabu cha msomaji wa miaka mitano, zimwi lina tumbo la mviringo, macho makubwa na meno yanayohesabika. Linatisha kurasa nne, kisha linadanganywa na Sungura, na lazima litambulike likiwa limekaa, limelala na limetumbukia kisimani. Kwenye kadi, zimwi lina sekunde moja tu. Dirisha la picha kwenye kadi ya Magic: The Gathering, mchezo wa Wizards of the Coast uliotoka mwaka 1993, lina upana wa sentimita tano na kidogo. Kwa hiyo unalichora kutoka chini likuelemee, mwanga wa moto unalipiga kutoka nyuma ili umbo lijitenge na giza, na unapunguza picha hadi ukubwa wa kidole gumba kila baada ya saa moja kuangalia kama bado linasomeka. Likigeuka doa jeusi, kosa liko kwenye mpangilio wa giza na mwanga, na kuongeza magamba hakutaliokoa.

Mchakato ni mfupi: mkurugenzi wa sanaa anakutumia maelezo ya picha na mwongozo wa ulimwengu wa mchezo, unarudisha skechi mbili au tatu, moja inakubaliwa, unamaliza. Anatomia, mtazamo wa umbali na mwanga havina pa kujificha. Kitabu cha watoto humsamehe mchoraji wa mikono minene, kadi haimsamehi.

*Fedha na hakimiliki.* Karibu kila kitu ni malipo ya mara moja, na haki huenda kwa kampuni. Hilo ni la kukubali au kukataa. Mchoraji mpya mara chache hulibadilisha. Ila kuna faida ambayo wachoraji wa kompyuta huikosa: kwenye kadi za Magic, anayechora kwa rangi halisi hubaki na mchoro wake wa asili na anaweza kuuuza kwa wakusanyaji, na wachoraji hupewa pia kadi zenye mgongo mweupe wanazoweza kuuza zikiwa na michoro yao ya mkono. Kuna wachoraji ambao mchoro wa asili uliwalipa kuliko kampuni. Kwa hiyo, kwenye soko hili, rangi ya mafuta au akriliki haijapitwa na wakati.

Malipo ya kazi uliyoifanya ukiwa nje ya Marekani hayahesabiwi kuwa mapato yenye chanzo Marekani, hivyo hayapaswi kukatwa kodi ya 30% ambayo Marekani huwakata wageni. Mteja atakuomba fomu ya W-8BEN, ya kuthibitisha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani, ijaze. Kuhusu benki, kubalianeni kwa maandishi kwamba gharama zote za kutuma ni za mtumaji, maana benki ya katikati nayo hujikatia, na kwenye kazi ndogo makato hayo yanauma.

*Muda.* Kadi au jalada ni wiki chache. Ajira ya studio ni saa za ofisi. Jambo linalowashtua wengi ni makubaliano ya usiri: kazi uliyoimaliza mwaka huu unaweza usiruhusiwe kuionyesha hadi mchezo utoke, na mchezo ukifutwa, usiionyeshe kamwe. Ndiyo maana wachoraji wa gemu huendelea kuchora kazi zao binafsi. Bila hizo, mkusanyo wao unaganda.

*Sampuli.* Picha nane bora zinatosha, na ile dhaifu kuliko zote ndiyo itakayotumika kukupima. Chagua fani moja. Mtu anayetafuta mchoraji wa dhana akikuta mandhari nzuri sita na paka mmoja hajui akupe kazi gani. Wakurugenzi wengi wa sanaa hutazama ArtStation, tovuti iliyoanza 2014 na kununuliwa na Epic Games mwaka 2021. Chora pia kile ambacho wengine hawana. Mazimwi ya Ulaya yenye mabawa yamejaa huko. Chunusi anayevuta watu chini ya maji, jini wa pangoni, Fumo Liyongo na upinde wake, milango ya Lamu iliyochongwa: hivi mkurugenzi wa sanaa hajaviona mara elfu, na wewe unajua mlango ule unafungukia wapi.

Soko la jirani si tupu. Leti Arts ilianzia Ghana na Kenya mwaka 2009, na studio ya Kugali, iliyoanzishwa na Wanigeria wawili na Mganda mmoja, ilifanya kazi na Disney. Hata hivyo nafasi za ajira za aina hiyo Afrika Mashariki ni chache, na sehemu kubwa ya wachoraji wa njozi hapa huwategemea wateja wa mbali.

*Panapoharibika.* Ushindani ni wa dunia nzima, na kazi za chini kabisa za ngazi hii, kama majalada ya bei rahisi ya riwaya za mtandaoni, ndizo zilizopigwa zaidi na picha za akili bandia. Upande wa juu umejilinda: Wizards of the Coast imewakataza wachoraji wake kutumia zana hizo kutengeneza kazi ya mwisho. Kwa hiyo hifadhi skechi na matabaka ya kila picha; siku hizi mteja makini huomba kuyaona. Kosa jingine ni kunakili picha ya mpiga picha bila ruhusa. Jipige mwenyewe picha ukishika ufagio kama mkuki. Mwili wako unatosha kuwa rejea.

*Inamfaa* anayependa picha moja iliyokamilika au kubuni bila kikomo, aliye tayari kujifunza anatomia kwa miaka, na asiyehitaji jina lake kuonekana mara moja.

Njia ya tatu: kujichapishia

Kazi ya kuchora ni ile ya njia ya kwanza. Juu yake unaongeza uhariri, usanifu wa kurasa, uchapaji, usafirishaji na uuzaji, na hizo ndizo zitakazokula muda wako mwingi. Haki zote ni zako, jambo ambalo njia mbili za mwanzo hazikupi kirahisi.

Kuhusu fedha, maamuzi ni mawili. La kwanza ni uchapaji: mtambo wa kidijitali unafaa nakala 50 au 100, bei ya nakala moja ikiwa juu, ilhali ofseti, mtambo mkubwa wa nakala nyingi, huanza kuwa na maana kuanzia nakala 500 hadi 1,000, lakini fedha zote unatoa leo na maboksi yanalala nyumbani. Omba nakala ya majaribio kwenye karatasi ile ile itakayotumika, na uitazame kwenye mwanga wa mchana. La pili ni mtandao. Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kujichapishia, huchapa kitabu pale mteja anaponunua, na cha rangi cha jalada laini huhitaji kurasa zisizopungua 24. Kwa kitabu pepe, mpango wa mrabaha wa 70% hukata gharama ya kupeleka faili kwa kila megabaiti, na kitabu cha picha ni kizito. Wakati mwingine mpango wa 35%, usio na makato hayo, unakulipa zaidi. Mrabaha unaotokana na mauzo ya Marekani hukatwa 30%, kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani unaoipunguza. Weka makato hayo kwenye hesabu kabla ya kupanga bei.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, na kwa Kenya na Huduma ya Maktaba ya Taifa. Ichukue mapema, kwa sababu msimbo wake wa milia unaingia kwenye jalada la nyuma kabla ya kuchapa.

Muda hutegemea mfuko wako. Sampuli za kuombea hazihitajiki, ila kitabu chenyewe kikitoka kizuri hugeuka sampuli kwa wachapishaji. Kinachoharibika zaidi ni maandishi: mchoraji hujiandikia hadithi, hakuna anayeipitia, na kosa la tahajia ukurasa wa pili linamfanya mwalimu mkuu akiweke kitabu kando. Mlipe mhariri kabla ya kumlipa mchapaji.

*Inamfaa* mwenye wanunuzi wanaojulikana tayari: shule anazozifahamu, madrasa, kanisa, jumuiya ya Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis wanaotaka watoto wao wasome lugha ya nyumbani.

Zana na bajeti

Njia zote tatu zinaweza kuanza na tableti ya kuchorea isiyo na skrini na programu ya Krita, ambayo ni ya bure. Faili iwe na dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, kwa ukubwa halisi wa ukurasa tangu mwanzo. Kuikuza baadaye hakurudishi chochote. Mchoraji wa rangi za maji anayeishi Dar, Mombasa au Unguja ana adui mmoja wa ziada, nao ni unyevu. Karatasi ya gramu 300 inayokaa wazi miezi kadhaa hupoteza ile gundi yake ya juu, rangi inazama kama kwenye tishu na kuacha mabaka. Ihifadhi kwenye mfuko uliofungwa vizuri pamoja na vile vifuko vya kukausha vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Kwa hali yako

Una familia na unahitaji fedha inayotabirika ndani ya mwaka: anza na vitabu vya ziada vya shule kwa malipo ya mara moja, na jioni tatu kwa wiki jenga picha nane za njia nyingine unayoitaka.

Ni mwanafunzi, hulipi kodi ya nyumba, na mazimwi ndiyo yanayokuamsha: miaka hii ndiyo ya anatomia na mwanga. Nenda na njozi. Fanya kitabu huria kimoja pia, ujue kama unaweza kumaliza kurasa 24.

Unachora vizuri lakini unachoka ukimrudia mhusika mara ya tano: epuka kitabu cha picha, hata kama kila mtu anakuambia michoro yako "ni ya watoto". Majalada ya vitabu vya watoto yapo, na kila moja ni picha moja.

Una hadithi yako mwenyewe na hutaki iguswe: jichapishie nakala 100 za kidijitali, ziuze mkono kwa mkono, uone zinakwisha kwa muda gani kabla ya kufikiria ofseti.

Una mkataba mezani leo, wa njia yoyote: tafuta ndani yake asilimia inahesabiwa kutoka wapi, raundi za marekebisho ni ngapi, nani anabaki na mchoro wa asili, na unalipwa nini wakisitisha kazi katikati. Kwa hicho cha mwisho, omba theluthi moja unaposaini, theluthi penseli zikikubaliwa, theluthi unapokabidhi. Wakisitisha baada ya penseli, theluthi mbili ziwe tayari kwenye akaunti yako.